Tairi Lisilovuma: Hesabu ya Ukimya kwenye Barabara ya Rumonge

Barabara ya Taifa namba 3, ambayo Warundi huiita RN3, hutoka Bujumbura ikielekea kusini huku imebanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Hupita Kabezi, Gitaza, Magara na Minago, ikaingia Rumonge baada ya kilomita zaidi ya 70, kisha ikaendelea hadi Nyanza-Lac na upande wa mpaka wa Tanzania. Ndiyo njia ya ndagala, ya mawese, na ya familia zinazokwenda kuwasalimia wazee mwisho wa juma. Machi 2015 mlima uliporomoka Gitaza na kuikata. Novemba 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha dola milioni 322 kwa barabara za Burundi na Tanzania, zikiwemo kilomita 45 za kati ya Rumonge na Gitaza.

Lami ikinyooka, gari hubadili sauti. Kwenye mashimo dereva husikia shokabzoba, bodi na ekzosi, na tairi halina nafasi ya kusema lolote. Mwendo ukipanda juu ya lami safi, injini ya gari dogo la kisasa hutulia na tairi ndilo linaloshika mazungumzo. Wataalamu wa kelele za barabarani wanakubaliana kwamba gari la abiria likienda mwendo usiobadilika, sauti ya matairi huipita ya injini mahali fulani kati ya kilomita 30 na 50 kwa saa. Kutoka hapo, kila mwendo unapoongezeka maradufu, kelele ya tairi hupanda kwa desibeli 9 hadi 12. Ndiyo sababu mwenye Toyota Fielder aliyeishi na matairi yake kwa amani ndani ya mji wa Rumonge hushangaa anapofika 80 kwenye njia ya Minago: watoto wa kiti cha nyuma wanapaza sauti, redio inaongezwa, na mvumo haukomi.

Hapo huamua kununua matairi mengine. Swali ni anunue yapi.

Kabla ya kutoa faranga, sharti kwanza ajue anayelalamikiwa ni nani. Beringi ya gurudumu iliyochakaa huvuma kwa sauti inayofanana sana na ya tairi, na wapo waliobadili matairi manne wakarudi nyumbani na mvumo uleule. Kipimo chake ni rahisi. Kwenye sehemu tupu na salama, dereva ayumbishe usukani taratibu kushoto na kulia: mvumo wa beringi hupanda uzito unapoelemea upande wake na hupungua unapohamia upande wa pili. Mvumo wa tairi haujali sana usukani, bali hubadilika mara gari linapotoka kwenye lami ya aina moja kuingia ya aina nyingine. Kinachotikisa usukani karibu na kilomita 100 kwa saa kwa kawaida ni magurudumu yasiyobalansiwa, na tairi jipya la bei kubwa lisilobalansiwa litatikisa vilevile.

Ikithibitika kwamba ni tairi, ufundi wake unaeleweka vizuri zaidi kwa mfano wa saizi moja. Tuchukue 195/65R15, inayovaliwa na Fielder za toleo la NZE141 na Noah nyingi. Upana wake ni milimita 195, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ni inchi 15. Ukijumlisha, kipenyo kizima ni kama milimita 634, na mzunguko wake ni karibu mita 2. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari husafiri mita 22 kila sekunde, kwa hiyo gurudumu huzunguka mara 11 kwa sekunde.

Sasa tuseme duara la tairi hilo lina kashata 70, yaani vipande vya raba vilivyokatwa kwenye uso wake. Kila kashata inapogusa lami hupiga, na mapigo 70 mara 11 ni karibu 780 kwa sekunde. Hiyo ni noti kamili ya muziki, na imeangukia eneo ambalo sikio la binadamu hulisikia vizuri. Kama kashata zote zingekuwa na urefu mmoja, gari lingepiga noti hiyo moja bila kupumzika kutoka Rumonge hadi Kabezi. Wabunifu wa matairi huivunja kwa kukata kashata za urefu tofauti na kuzipanga bila mpangilio unaojirudia, ili nguvu ileile itawanyike kwenye noti nyingi na sikio lisipate mahali pa kung'ang'ania. Mnunuzi anaweza kuiona kazi hiyo kwa macho: aangalie duara la tairi kutoka ubavuni, apime kwa vidole kashata kadhaa zinazofuatana. Kwenye tairi lililofikiriwa, moja ni fupi, nyingine ndefu kidogo. Kwenye tairi la bei ya chini lililonakiliwa ovyo, huenda zote zikawa sawa.

Mifereji nayo ina sauti yake. Mahali tairi linapokalia lami, mfereji unaozunguka tairi hufungwa juu na chini ukawa bomba lililo wazi ncha zote mbili. Eneo hilo likiwa na urefu wa sentimita 15, hewa ndani yake hutetema takriban mara 1,140 kwa sekunde. Kisha umbo lenyewe la tairi na lami, linalopanuka kuanzia pale vinapogusana, huikuza sauti hiyo na kuitupa nje kama mdomo wa baragumu. Hewa iliyofungiwa ndani ya tairi huwa na mtetemo wake pia: kwa saizi yetu ni kama mara 215 kwa sekunde, na ndiyo ile “duu” nzito inayosikika gari linapokanyaga ukingo wa daraja au kiraka cha lami.

Sauti hizi huingia ndani kwa njia mbili. Zile nzito, chini ya mitetemo kama 500 kwa sekunde, hupanda kupitia rimu, mikono ya magurudumu na bodi. Zile nyembamba husafiri hewani na kupenya kwenye milango na vioo. Kwa gari la Japani lenye miaka 15 au 20, mipira ya milango imeshakauka na kusinyaa. Hakuna tairi linaloweza kuziba pengo la mlango, na mipira mipya ya milango miwili ya nyuma inaweza kuwatuliza watoto kuliko tairi la jina kubwa.

Baada ya hayo ndipo ifikiriwe ile namba inayotangazwa sana, yaani desibeli za lebo.

Umoja wa Ulaya ulianza kuyawekea matairi lebo mwezi Novemba 2012, na lebo ya sasa inatumika tangu Mei 1, 2021. Ina mambo makuu matatu: ulaji wa mafuta, mshiko kwenye lami yenye maji, na kelele. Kelele huandikwa kwa desibeli pamoja na daraja A, B au C. Kwa matairi ya gari la abiria, kikomo ni desibeli 70 kama upana hauzidi milimita 185, na 71 kuanzia hapo hadi 245. Tairi lililo chini ya kikomo kwa desibeli 3 au zaidi hupata A. Kwa hiyo tairi la 195 lenye 68 ni A, na lenye 70 ni B.

Namba hiyo hupatikana hivi: gari hufikishwa kwenye uwanja wa majaribio, injini huzimwa, nalo hupita likiserereka kwa kilomita 80 kwa saa. Maikrofoni husimamishwa pande mbili, mita 7.5 kutoka katikati ya njia, kimo cha mita 1.2 kutoka ardhini. Lami ya uwanja ni ya kokoto ndogo, laini, iliyotengenezwa kwa kanuni maalumu ya kimataifa. Hakuna maikrofoni hata moja ndani ya gari.

Maana yake ni kwamba desibeli za lebo zinamhusu aliyesimama kando ya barabara. Kwa Minago au Magara jambo hili si dogo. Mlima umeishika barabara upande mmoja, ziwa upande wa pili, na nyumba, shule na vibanda vya samaki vimepanga foleni kwenye kipande chembamba kilichobaki. Watu wengi wa ufuko huu hulala umbali usiozidi sana ule wa maikrofoni. Tofauti ya desibeli 3 ni nusu ya nguvu ya sauti: magari mawili ya daraja A yanatoa kelele sawa na moja lililo desibeli 3 juu yake. Aliye ndani ya gari moja, hata hivyo, tofauti ya desibeli 3 huitambua kwa shida, kwa kuwa sikio huhitaji kama 10 ili lione kelele imeongezeka maradufu. Na lami ya kokoto kubwa, ile ya kumwaga lami kisha kumimina kokoto juu yake, hupandisha kelele kuliko tofauti kati ya matairi mawili mazuri, na huzifanya tofauti hizo zipungue.

Basi familia inayotaka utulivu wa ndani iitumie lebo kama chekeche la kwanza, kisha iangalie tairi lenyewe. Kashata zilizoungana katikati na kuwa mkanda usiokatika hupiga kelele kidogo kuliko kashata zilizosimama mojamoja. Mabega yaliyofungwa hutulia kuliko yaliyo wazi. Matairi ya njia zote, yenye kashata kubwa na nafasi pana, yana kazi yake kwa anayepanda kila siku njia za udongo za milimani juu ya Rumonge, lakini kwenye lami yatavuma kwa sababu hiyohiyo inayoyafanya yashike tope. Upana nao una gharama: tairi pana hupiga kelele zaidi na huelea juu ya maji mapema zaidi. Kijana anayevisha Fielder matairi ya 215 kwa ajili ya sura amejinunulia kelele.

Yapo matairi yaliyobuniwa hasa kwa ukimya. Bridgestone ina Regno, jina lililoanza Japani mwaka 1981, na Turanza. Michelin ina Primacy. Yokohama iliweka desibeli kwenye jina lenyewe: Advan dB, ambalo toleo lake la V552 lilitoka 2017. Baadhi ya kampuni hubandika sponji ndani ya tairi ili kuua ule mtetemo wa hewa. Kwenye barabara za Ulaya wazo ni zuri. Kwa RN3 lina kasoro moja kubwa: pancha ikitokea Gitaza, fundi wa kando ya barabara atakuta sponji imefunika tundu, na lazima aikate kwa uangalifu kabla ya kubandika kiraka. Afadhali tairi ambalo fundi yeyote analimudu.

Hapa suala la soko linaingia. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimama mwishoni mwa miaka ya 2000, na Sameer Africa, watengenezaji wa Yana, walifunga uzalishaji wao Nairobi mwaka 2016. Matairi mengi yanayofika ufukweni hapa yamepita bandarini kutoka Asia, au yamekuja yakiwa yamevaliwa na magari ya Japani, au ni ya mtumba. Uhaba wa fedha za kigeni nchini Burundi hufanya mtumba uvutie zaidi. Mtu anayekwenda kwenye magereji ya Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura wenye mafundi wa kila aina, anahitaji macho kuliko lebo, maana lebo ilishabanduliwa zamani.

Macho hayo yaanze ubavuni. Mwisho wa mstari unaoanza na herufi DOT pana tarakimu nne: 2419 ni wiki ya 24 ya mwaka 2019. Raba ikizeeka hukakamaa, na raba ngumu hupiga kelele zaidi na hushika vibaya kwenye maji. Kisha itafutwe alama ya E ndani ya duara au mstatili, na namba yake ya idhini. Baada ya namba hiyo huandikwa herufi kama S2WR2: S ni ya sauti, W ni ya mshiko kwenye maji, R ni ya ukinzani wa kuviringika. S2 inamaanisha kwamba tairi limefaulu vikomo vile vya 70 na 71 vilivyotajwa juu. Alama hiyo hufinyangwa kwenye raba yenyewe, haibanduki, wala haihitaji intaneti kuisoma. Mwenye intaneti anaweza pia kulitafuta tairi kwenye EPREL, kanzidata ya Umoja wa Ulaya iliyo wazi kwa umma, mradi jina, saizi na alama zote zilingane na zilizo ubavuni.

Neno STUDLESS kwenye tairi lililotoka Japani, au picha ya mlima wenye chembe ya theluji kwenye lililotoka Ulaya, ni onyo. Mara nyingi hayo ni matairi ya majira ya baridi. Raba yake ni laini, yamejaa vipande vidogovidogo, na mwanzoni yanaweza kuonekana matulivu. Kwenye lami ya ziwani, ambako mchana joto hukaribia nyuzi 30, huisha haraka, hulegea kwenye kona, na kashata zake zikianza kulika vibaya huvuma sana.

Kulika vibaya ndiko kunakoyaharibu matairi mengi ya mtumba. Mnunuzi apitishe kiganja juu ya kashata kwa kuzungusha tairi upande mmoja, kisha arudishe upande wa pili. Kama njia moja ni laini na nyingine inakwaruza, kashata zimeshakuwa na meno ya msumeno. Tairi hilo litavuma hata likiwa na milimita 6 za kashata, na hakuna kubalansi kutakakolinyamazisha. Kinyume chake, tairi kipara linaweza kutulia ajabu kwenye lami laini, kwa kuwa halina kashata za kupiga wala mifereji ya kuimba. Utulivu huo ni mtego. Mvua ya Aprili ikinyesha Kabezi, maji hayatakuwa na pa kukimbilia.

Mshiko kwenye maji ndio mpaka ambao utafutaji wa ukimya haupaswi kuuvuka. Kwa lebo ya kwanza ya Ulaya, tofauti ya umbali wa kusimama kutoka kilomita 80 kwa saa, kati ya daraja la juu na la chini kabisa, ilikadiriwa kufikia mita 18. Kwenye barabara ambayo watoto wa shule, baiskeli zilizobeba mawese na mbuzi hugawana ukingo mmoja na magari, mita 18 ni nyingi mno kuziuza kwa desibeli mbili.

Probox nalo linahitaji neno lake, kwa kuwa familia nyingi zimeligeuza gari la mzigo kuwa gari la nyumbani. Toleo lililotoka 2014 huvaa 155/80R14 88/86N, tairi la gari dogo la mizigo. Ubavu wake ni mgumu na linavuma, na hata kanuni za Ulaya huyaruhusu matairi ya kundi hilo kufika desibeli 72. Kishawishi ni kuvisha tairi laini la abiria, tuseme 165/70R14 81T. Hesabu inakataa. Namba 88 ni kilo 560 kwa tairi moja, na 81 ni kilo 462. Bidoni moja la lita 20 za mawese lina kilo 18, kwa hiyo mabidoni kumi nyuma ni zaidi ya kilo 180 kabla abiria hawajapanda. Mwenye Probox akubali sehemu ya mvumo, atafute ukimya wake kwenye mipira ya milango na mazulia ya sakafuni, na asishushe namba ya mzigo.

Baada ya kununua, kazi ni ndogo lakini haikwepeki. Alaimenti ipimwe siku matairi yanapofungwa, kwa maana magurudumu yaliyopinda ndiyo yanayozaa meno ya msumeno. Matairi ya mbele na ya nyuma yabadilishane nafasi kila kilomita 8,000 hadi 10,000; yenye mshale wa mwelekeo yabaki upande wake. Upepo ujazwe kwa kipimo cha kibandiko kilicho mlangoni mwa dereva, asubuhi tairi likiwa baridi. Kupunguza upepo ili gari litulie hula mabega ya tairi, na mvumo hurudi ukiwa mkubwa zaidi.

Kwa Fielder au Noah ya Rumonge, hukumu ni hii: 195/65R15 jipya lisilozidi miaka miwili tangu litengenezwe, namba ya mzigo 91 au zaidi, lenye S2WR2 ubavuni, mkanda usiokatika katikati, kashata za urefu unaotofautiana, na daraja A au B la mshiko kwenye maji. Jina kubwa lisilopatikana liachwe. Lenye sifa hizo kutoka kampuni ya kati linatosha. Fedha zikitosha matairi mawili tu, yafungwe nyuma, ili mkia wa gari usiteleze kwenye mvua, na mawili mengine yafuate. Nao wauzaji wa Bujumbura na Rumonge wanaombwa jambo moja lisilowagharimu chochote: tairi jipya likifika na lebo yake, waiache ibaki hadi mnunuzi aisome.